Kusoma Msimbo Kabla ya Kuuandika

Tuseme mwanafunzi wa Bwera, nchini Uganda, amepewa programu fupi inayopitia uzito wa malori yaliyovuka mpaka wa Mpondwe kwa siku moja. Mstari wa kwanza unaweka sifuri kwenye kigeu, yaani nafasi yenye jina inayohifadhi thamani. Wa pili unachukua uzito mmoja mmoja. Wa tatu unauliza kama uzito huo unazidi ule uliomo kwenye kigeu. Ukizidi, mstari wa nne unauweka humo badala yake. Mwanafunzi ana mistari minne ya kushika kichwani. Mprogramu mzoefu huona jambo moja tu: linatafutwa lori zito kuliko yote.

Si kwamba mzoefu ana akili zaidi. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller alieleza kuwa kumbukumbu ya muda mfupi hubeba mafungu kama 7 hivi, ila fungu moja laweza kusheheni mengi. Mwaka 1981 mtafiti Katherine McKeithen na wenzake waliwaonyesha waprogramu msimbo kwa muda mfupi, kisha wakawataka waukumbuke. Wazoefu waliwapita wanagenzi kwa mbali. Mistari ilipovurugwa, ubora huo ulitoweka. Walichokuwa nacho ni hazina ya ruwaza walizokwisha kuzizoea.

Hazina hiyo hutegemea desturi. Mwaka 1984 watafiti Elliot Soloway na Kate Ehrlich waliandika programu zilizo sahihi lakini zinazokiuka mazoea, kwa mfano kigeu kuitwa “kubwa” ilhali kinahifadhi thamani ndogo kuliko zote. Hapo wazoefu walishuka hadi karibu na kiwango cha wanagenzi. Ndiyo maana jina zuri la kigeu ni msaada wa kweli kwa msomaji.

Naye mwanasaikolojia John Sweller alionyesha kuwa anayeanza hujifunza vyema kwa kuchunguza mifano iliyokwisha kutatuliwa, kwani kuhangaika na tatizo asilolifahamu humaliza nafasi ya kumbukumbu anayoihitaji ili ajifunze.

Kwa shule za Kasese na Bwera, hasa penye kompyuta chache, hili ni jambo la kufanyia kazi. Ruwaza hupatikana kwa kusoma, na kusoma kwahitaji karatasi na kalamu tu. Mwalimu aandike ubaoni uzito wa malori matatu: tani 12, 30 na 18. Wanafunzi wafuate programu ile ya mwanzo mstari kwa mstari, wakiandika kilichomo kwenye kigeu: 0, 12, 30, 30. Kisha waeleze kwa sentensi moja programu inafanya nini. Atakayeweza kuisema sentensi hiyo yuko tayari kuandika programu yake mwenyewe.