Nyonga Iliyoteguka Isivutwe Shambani

Mchumaji akianguka mkarafuuni akashindwa kusimama, na mguu mmoja umekuwa mfupi, umekunjika, goti limegeukia ndani, tushuku nyonga imetoka mahali pake. Wengi wetu hukimbilia kuuvuta, kwa huruma. Tusiuvute: pengine na mfupa umevunjika, na mshipa mkubwa wa fahamu upitao hapo utazidi kuumia. Alazwe juu ya ubao wa mlango bila ya kupindwa mgongo, mguu uachwe ulivyo na uegemezwe kwa mito. Asile wala asinywe, maana hospitali atatiwa dawa ya usingizi. Huko daktari humpiga picha, kisha hukunja goti na kuvuta paja juu, msaidizi akikandamiza kiuno. Afikishwe mapema, irudishwe kabla ya kupita saa 6 tangu kuanguka. Ikichelewa, kichwa cha mfupa wa paja huweza kukosa damu kikafa, naye huenda akachechemea maisha yake yote.