Meniskasi Iliyochanika na Milimita za MRI

Ripoti ya MRI ya goti ikisema "meniskasi imechanika", wagonjwa wengi huona hukumu imeshatolewa na kilichobaki ni kisu. Sivyo. Inafaa kwanza kujua daktari wa radiolojia amepima nini.

Kila goti lina meniskasi mbili, gegedu ngumu zenye umbo la herufi C, zilizokaa kati ya mfupa wa paja na wa ugoko: moja upande wa ndani, nyingine upande wa nje. Husambaza uzito ili mifupa isielemeane mahali pamoja. Eksirei haizionyeshi. Kwenye MRI huonekana nyeusi, kwa kuwa nyuzi zake zimesongamana kiasi kwamba ishara ya maji yaliyomo hufifia kabla mashine haijaidaka.

Kinachotafutwa, basi, ni weupe ndani ya weusi huo. Doa au mstari unaoishia ndani kwa ndani, kwa mtu mzima, mara nyingi ni uchakavu tu. Ukifika kwenye uso wa gegedu, juu au chini, shaka huanza; ukifika hivyo katika picha mbili au zaidi, wataalamu huandika "mchaniko". Ukionekana katika picha moja tu, ripoti ya uangalifu itasema "huenda". Usiudhike na neno hilo.

Hata unene wa vipande vya picha una maana yake. Sehemu ya katikati ya meniskasi ya mtu mzima ina upana wa milimita 9 hadi 12. Goti likipigwa picha kutoka ubavuni, kwa vipande vya milimita 4 au 5, gegedu zima hutokea kwa umbo la tai ya kipepeo katika picha mbili hivi. Zikipungua, huenda kipande kimechanika kwa urefu na kupindukia katikati ya goti, mchaniko ambao madaktari huuita wa mpini wa ndoo. Goti la namna hiyo hukwama, halinyooki. Zikiwa tatu au zaidi, huenda mtu alizaliwa na meniskasi pana kupita kawaida. Lakini vipande vikiwa vyembamba zaidi, hesabu hii hubadilika, na kwa mtoto au aliyewahi kupasuliwa goti inaweza kupotosha kabisa.

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote ni umbali ambao gegedu limesukumwa nje ya ukingo wa mfupa wa ugoko. Ukifika milimita 3, daktari arudi aukague mzizi, yaani mahali meniskasi iliposhikizwa kwenye mfupa. Mzizi ukikatika, gegedu hushindwa kubeba uzito hata kama lenyewe linaonekana zima, na goti linaweza kuchakaa upesi.

Sasa suala la maumivu. Mwaka 2008 ulichapishwa uchunguzi wa MRI wa watu 991 wa Framingham, Marekani, wenye umri wa miaka 50 hadi 90, ambao hawakuteuliwa kwa sababu ya kuumwa magoti. Miongoni mwa waliokutwa na mchaniko, asilimia 61 hawakuwa na maumivu wala kukakamaa kwa goti mwezi uliotangulia. Mwaka 2013 madaktari wa Finland walikwenda mbali zaidi: wagonjwa 146 wenye mchaniko wa uchakavu waligawanywa, baadhi wakakatwa kipande kilichochanika, wengine wakafanyiwa upasuaji wa kuigiza tu. Baada ya miezi 12 makundi hayo hayakutofautiana kwa maana.

Kwa hiyo mtu wa miaka 55 ambaye goti lake halikwami aulizie mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja kabla ya kuulizia tarehe ya upasuaji. Kijana aliyejipinda goti uwanjani hesabu yake ni nyingine: mchaniko ulio kwenye ukingo wa nje wa gegedu, penye mishipa ya damu, unaweza kushonwa ukapona, naye asikae nyumbani miezi akilikanda kwa maji moto.