Madini Joto, Dundumio na Kukoma Hedhi: Baadhi ya Matatizo ya Istilahi za Homoni

Mwandishi wa makala haya alikwenda Ifakara kukusanya maneno ya uvuvi na ya kilimo cha mpunga katika bonde la Kilombero, wala hakuwa na nia ya kuingia katika mambo ya tiba. Lakini mwenyeji wake, mama mmoja aliyekwisha kuipita miaka hamsini, alipopata habari kwamba mgeni wake ni mtu wa lugha, alimletea vijikaratasi viwili alivyopewa pamoja na dawa zake, akasema: "Mwanangu, wewe ndiye mwenye kuyajua maneno. Hebu nisomee haya, maana nimeyasoma mara tatu na kila mara yananiambia jambo jingine."

Kijikaratasi cha kwanza kilieleza ugonjwa wa tezi iliyo shingoni, ambao mama huyo anautibu kwa vidonge kwa mwaka wa nne sasa. Cha pili kilihusu dawa za homoni alizoanzishiwa Dar es Salaam, alipokwenda kumtembelea binti yake, kwa sababu ya taabu za kukoma hedhi. Kabla hatujafika mbali katika kusoma, ilidhihirika kwamba yapata miezi miwili mama alikuwa ameacha kununua chumvi ya pakiti na kupikia chumvi ya mawe ya sokoni. Sababu aliieleza kwa utulivu kabisa. Pakiti imeandikwa kwamba chumvi ile ina madini joto. Na yeye tatizo lake kubwa ni joto, linalompanda kifuani na usoni na kumwamsha usiku akiwa amelowa jasho. "Nililo nalo lanitosha," alisema. "La nini tena nijiongezee jingine la dukani?"

Ndani ya nyumba ile mlikuwa na mkwewe mwenye mimba ya miezi mitano, akila katika chungu hicho hicho.

Hapana shaka msomaji ameanza kuona uzito wa jambo lenyewe. Madini joto ni iodini. Mwili huitumia iodini kutengenezea homoni za tezi ya shingoni, na mama mjamzito akiikosa, ubongo wa mtoto aliye tumboni hauwezi kukua ipasavyo. Upungufu huo ulikuwa mkubwa hasa katika nyanda za juu za kusini, Mbeya, Iringa, Rukwa na Ruvuma, ambako rovu lilikuwa jambo la kawaida kuonekana shingoni mwa watu. Na reli ya TAZARA imewaleta watu wengi wa nyanda hizo kukaa na kulima huku bondeni. Ndiyo sababu, tangu miaka ya 1990, kanuni za nchi yetu zimetaka chumvi ya kula itiwe iodini.

Jina la madini joto limefanya kazi kubwa na nzuri. Lilibuniwa kwa ajili ya mwananchi, likaenea upesi kuliko neno iodini, na kisayansi halikosi msingi, kwani tezi inayotumia iodini ndiyo inayoongoza kasi ya mwili kuzalisha joto lake. Hata hivyo, istilahi inayotaja kazi badala ya kutaja kitu huwa na hatari hii, kwamba msomaji huiunganisha na kila kitu kingine chenye jina hilo. Mtaalamu ajuaye kwamba joto la kukoma hedhi halihusiani hata kidogo na iodini hawezi kuwazia kosa la mama wa Ifakara. Lakini mama hakukosea katika kusoma. Amesoma Kiswahili kama kilivyoandikwa. Maoni yetu ni kwamba madini joto yasiondolewe, ila kila panapotajwa katika maandishi ya tiba neno iodini litangulie, na madini joto yafuate kama maelezo.

Tuje sasa kwenye tezi yenyewe. Kijikaratasi kiliandika tu "tezi", bila sifa yoyote. Katika lugha ya mitaani siku hizi mtu akisema fulani ana tezi, watu huelewa kwamba ni mzee wa kiume mwenye taabu ya kukojoa, yaani wamelifupisha jina la tezi dume. Mume wa mama huyu aliwahi kuichukua karatasi ile na kuificha, akidhani kwamba wauguzi wamempa mkewe karatasi iliyokuwa yake yeye. (Tulicheka sote, na mzee mwenyewe akacheka zaidi yetu.) Istilahi ya dundumio ipo, nayo inafaa: ni fupi, haigongani na neno jingine, na inakubali kuambatana na maneno mengine. Upungufu wake ni kwamba wasioijua ni wengi kuliko waijuao. Kwa hiyo mfasiri aandike mara ya kwanza "dundumio, yaani tezi ya shingoni," kisha aendelee na dundumio peke yake. Rovu libaki kuwa uvimbe wa tezi hiyo, wala lisitumiwe kwa maana ya kila ugonjwa wa dundumio, kwani wengi ambao dundumio lao ni dhaifu hawana uvimbe wowote.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa katika jina la ugonjwa. Mfasiri alikuwa amelitohoa jina la kigeni, akaandika "haipothairodizimu," na chini yake, katika orodha ya dalili za dawa kuzidi, "haipathairodizimu." Maneno hayo mawili yana maana zinazopingana. La kwanza ni hali ya dundumio kutoa homoni chache: mtu huchoka, huona baridi wenzake wasipoiona, huongezeka uzito, hukauka ngozi, hufunga choo, na moyo hupiga polepole. La pili ni hali ya homoni kuzidi: moyo hupiga mbio, mikono hutetemeka, mwili hupungua na mifupa huweza kudhoofika. Tiba ya mmoja ni madhara kwa mwingine, na kinachoyatenganisha ni irabu moja tu katikati ya neno. Isitoshe, msomaji wa Kiswahili akikutana na "haipo" mwanzoni mwa neno huelewa kwamba kitu hakipo. Mama alikuwa ameamini kwamba tezi yake imekwisha kutoweka.

Utohozi ni njia halali ya kukuza lugha, nasi hatumo katika kundi la wale wanaoukataa. Lakini viambishi viwili vinavyotofautiana kwa sauti moja visitoholewe katika mambo ya dawa. Tunapendekeza "udhaifu wa dundumio" na "ukithiri wa dundumio". Katika kikao kimoja mwenzetu alileta "dundumio goigoi", nalo lilisikika vizuri; tukaliacha kwa kuwa sifa ya tezi ingemwangukia mgonjwa.

Kwa upande wa kukoma hedhi, lugha ina maneno mengi, lakini si yote yafaayo. Wapo wasemao "kufunga uzazi", na hilo limekwisha kuchukuliwa na huduma za uzazi wa mpango kwa maana ya kufunga mirija. Wapo waandikao "ukomo wa hedhi", ambalo kisarufi halina kasoro. Lakini likisomwa kwa haraka mbele ya wasikilizaji, husikika kama ukoma, na Ifakara ni mahali ambapo wagonjwa wa ukoma wametunzwa kwa miongo mingi, na neno hilo bado lina uchungu. Kitenzi-jina "kukoma hedhi" hakina shida hiyo. Wafasiri wakumbuke pia kwamba kwa maana ya tiba mwanamke huhesabiwa kuwa amekoma hedhi baada ya miezi 12 mfululizo bila kuiona. Miaka inayotangulia, ambamo damu huja na kupotea na joto huanza kupanda, ni "kipindi cha kuelekea kukoma hedhi", na isichanganywe na ile inayofuata.

Kosa lililotusikitisha kuliko yote ni la kijikaratasi cha pili, kilichoandika kwa herufi kubwa "Tiba Mbadala ya Homoni". Nchi yetu ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 2002, na mwananchi anajua tiba mbadala ni nini: ni tiba iliyo nje ya ile ya hospitali. Basi mama alielewa kwamba dawa mpya ni mbadala wa zile za zamani, yaani akiinywa hii, aiache ile ya dundumio. Alikuwa amekwisha kuiacha kwa siku tisa.

Hapa mfasiri alilifuata neno la kigeni bila kuuliza maana yake. Kinachobadilishwa katika tiba hiyo si dawa kwa dawa. Ni homoni, hasa estrojeni, zinazotolewa kwa sababu ovari zimepunguza kuzitoa. Hata huko ng'ambo waganga wengi wameanza kuliacha neno lenye maana ya kurudishia, kwa kuwa haikusudiwi kumrudishia mwanamke kiasi cha homoni alichokuwa nacho ujanani. Anapewa kiasi kidogo cha kumpunguzia taabu. Tofauti ni ile dawa ya dundumio, thairoksini, ambayo kweli hushika nafasi ya homoni isiyotolewa, na aghalabu huendelea maisha yote. Tunapendekeza basi "tiba ya homoni ya kukoma hedhi", bila mbadala wala kurudishia.

Mfasiri hataweza kuipata istilahi iliyo sawa asipoelewa jinsi dawa hizi mbili zinavyokutana mwilini, na jambo hili ndilo lililokosekana kabisa katika karatasi zote mbili. Homoni ya dundumio husafiri katika damu ikiwa imebebwa na protini. Iliyobebwa haifanyi kazi. Hufanya kazi ile tu iliyo huru. Mfano wake ni watu wa bondeni kabla ya daraja la Kilombero: waliomo mitumbwini hawalimi, wanaolima ni walioshuka. Sasa, estrojeni ikimezwa kwa kidonge hupitia katika ini, na ini huongeza protini hizo. Mitumbwi huwa mingi, ikachukua watu zaidi, na mashambani wakabaki wachache. Dundumio lenye afya hutoa homoni zaidi kufidia. Lililo dhaifu haliwezi, na kwa hiyo mgonjwa huenda akahitaji kuongezewa thairoksini. Hupimwa damu baada ya wiki 6 hadi 12 tangu aanze. Estrojeni inayopita katika ngozi, kwa bandiko au kwa dawa ya kupaka, haina athari hiyo kwa kiasi cha kutajwa. Pia mwanamke ambaye bado ana mji wa mimba hupewa homoni ya pili, ya jamii ya projesteroni, ili ukuta wa mji huo usinenepe kupita kiasi; na aliyewahi kuugua saratani ya matiti kwa kawaida hapewi tiba hii.

Laiti mama angeambiwa kwa sentensi moja kwamba dawa ya pili huenda ikadai nyongeza ya ile ya kwanza, asingeiacha ile ya kwanza. Uchovu alioudhani kuwa wa utu uzima ulikuwa umemrudia, maana dalili za hali hizi mbili hufanana kwa mengi: uchovu, usahaulifu, uzito, usingizi mbaya.

Palikuwa na jambo dogo tena. Karatasi ilisema thairoksini inywewe "kwa tumbo tupu", naye alikuwa akiinywa pamoja na chai ya maziwa, kwani, alivyosema, chai si chakula. Iandikwe wazi: kwa maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai na kifungua kinywa, na vidonge vya kuongeza damu au vya chokaa vikae mbali nayo kwa saa 4.

Siku ya pili yake tulimsindikiza kwa mganga wake, na karatasi tuliziandika upya mezani pake usiku, yeye mwenyewe akiwa msahihishaji. Chumvi ya pakiti ilinunuliwa jioni ile ile. Bado hatujapata jina la lile joto la ghafla. Tuliandika "vipindi vya joto", mama akakataa, kwa kuwa vipindi huwa na saa zake na hili halina. Yeye husema "moto unaopanda". Tumeliandika hivyo, kwa muda, mpaka wasomaji watuletee lililo bora.