Maua ya Mathe Yanang'olewa Januari: Hii Ndio Rada ya Kuyachora, Kutoka Biro Hadi Rangi za Mafuta

Kama umekulia ploti, unajua lazima kuwe na mathe mmoja wa maua. Kwetu ni mathe wangu. Ako na mshubiri kwa mkebe wa rangi, hibiskasi kando ya kamba ya nguo, mfrangipani karibu na bomba, na bogenvilia imepanda ukuta mpaka watu wa boda wanaelekezwa nayo: "kuja geti ya maua." Sasa mwenye ploti amesema mafundi wanaingia Januari kuongeza nyumba. Maua hayako kwa ramani.

Mi nikafanya kitu kila msee angefanya: nikatoa simu nikapiga picha kama hamsini. Mathe akacheki akasema, "Hii si rangi yake." Na manze alikuwa sawa. Kamera ya simu ikikutana na bogenvilia inachanganyikiwa, inakupea pinki moja ya kelele. Ndio akaniuliza, "Na wewe si ulikuwa unachora?" Nilikuwa, kabla karo inimalize nikiwa mwaka wa pili.

Nimerudia hiyo kitu miezi miwili sasa, na somo kubwa ni hili: usianze kwa kuuliza rangi gani ni kali. Cheki ua kwanza. Lina siku ngapi kabla linyauke? Petali ni nyepesi ama nzito? Hapo ndio utajua ushike nini.

1. Biro: ya mshubiri

Huna doh? Anza hapa. Mshubiri hauendi mahali, na miiba yake inapenda mistari. Biro haifutiki, kwa hivyo itakufunza kuangalia kabla ya kuchora. Kivuli unakijenga kwa mistari midogo midogo: ikikaribiana, giza linaingia, ikiachana, mwanga unarudi. Sehemu inayong'aa iache karatasi tupu. Usichore "jani" venye liko kwa akili yako, chora hilo liko mbele yako, hata kama limeliwa na konokono.

2. Rangi za maji: ya hibiskasi

Ua la hibiskasi kwa kawaida linafunguka asubuhi, na jioni linajikunja. Siku moja tu, limeenda. Unahitaji rangi ya haraka, na petali zake nyepesi zinapitisha jua, kama tu rangi za maji.

Sheria ni moja na ni noma: unaanza na rangi hafifu ukienda kwa nzito, na nyeupe yako ni karatasi yenyewe. Ukishafunika mahali pa mwanga, kupafungua tena ni kazi. Lowesha petali na maji safi, gusa na nyekundu kando, wacha ijitembeze. Ikikauka ndio unaongeza mishipa.

Nilipoteza za kwanza nne juu ya karatasi. Ile ya daftari inajikunja kama chapati. Tafuta nzito, gramu 300 ukiweza. Kama huwezi, bandika manila kwa ubao na selotepu pande zote nne.

Na usidhani hii ni mambo ya ng'ambo tu. Gundi inayoshikanisha rangi za maji, gamu arabika, inatoka kwa aina ya mgunga inayomea hata huku kwetu, Turkana na Marsabit. Unamjua Joy Adamson, yule wa Elsa simba? Kabla ya simba alikuwa mtu wa maua. Alifika Kenya 1937 na akachora mamia ya mimea ya huku kwa rangi za maji.

3. Akriliki: ya bogenvilia

Hii ndio ilinisumbua kuliko zote, juu nilikuwa nachora kitu siioni. Ile pinki yote si maua! Ni majani yaliyobadilika rangi. Ua lenyewe ni kale kadude keupe katikati. Mathe amekaa nayo miaka kumi na tano, nilipomwonyesha alicheka mpaka akaketi.

Bogenvilia iko na tabaka juu ya tabaka, na hapo akriliki inakuokoa. Inakauka kwa dakika, halafu unapaka juu yake bila ya chini kuchafuka. Anza na giza la ndani, kijani kibichi kizito na zambarau, alafu uje nje ukiongeza mwanga. Ukikosea, ngoja ikauke, funika, endelea na maisha.

Jichunge na mambo mawili. Akriliki ni plastiki, kwa hivyo brashi ikikaukiwa nayo imeisha. Iache kwa maji ukienda kufungua geti. Pia inakauka ikiwa na giza kidogo kuliko venye uliipaka, so changanya rangi yenye mwanga zaidi.

4. Rangi za mafuta: ya frangipani

Cheki frangipani: nyeupe inageuka njano bila mahali unaweza sema imeanzia hapa. Hiyo inataka rangi isiyo na haraka. Mafuta ya kitani yaliyo ndani hayakauki kama maji. Yanashikana na oksijeni ya hewa yakiganda polepole, siku kadhaa hadi wiki. Una muda wa kulainisha mpaka kwa kidole.

Shida ni kwamba ua linanyauka kabla umalize. Siku ya kwanza, changanya rangi zote ukiliangalia na uziweke kama alama kando ya kanvasi. Picha ya simu itakusaidia na umbo, alama zitakusaidia na rangi. Tabaka la chini liwe jepesi, la juu liwe na mafuta zaidi, la sivyo itapasuka.

Kwa wenye bedsita: fungua dirisha, tapentaini si hewa ya kulalia. Na kitambaa chenye mafuta ya kitani usikikunje ukitupe kona. Kinaweza kujipasha moto chenyewe mpaka kiwake. Kitandaze nje ama ukiloweshe.

Kama unadhani maua ni mchezo wa watoto, mwaka 2014 mchoro wa mafuta wa Georgia O'Keeffe wa 1932 uliuzwa kwa dola milioni 44.4. Ua lenyewe? Datura, jamaa ya lile gugu lenye sumu unaliona kando ya barabara.

Zitafifia ama zitabaki?

Hapa ndio nilikuwa nahofia sana, juu maana yote ni maua yabaki. Mei 1889, Van Gogh akiwa hospitalini Saint-Rémy alichora maua ya airisi ya bustani ya hapo. Leo tunayaona ya bluu, lakini watafiti wamegundua yalikuwa zambarau. Mwanga ulikula nyekundu. Kwa hivyo maka pen ni za mazoezi, zinapauka haraka. Soma tyubu uone imesema nini kuhusu kuhimili mwanga, na usitundike mchoro mahali jua linapiga.

Chapaa bado ni kidogo? Edward Saidi Tingatinga alianza Dar mwaka 1968 na rangi za kung'aa za dukani kwenye vipande vya mbao za dari. Leo mtindo mzima una jina lake. Usingoje kanvasi.

Sai niko na michoro sita. Frangipani bado ni mbichi, iko juu ya kabati. Mathe alichagua bogenvilia ya tatu, ile mi naona imeharibika, akaitundika kando ya kalenda mbali na dirisha. "Hiyo ndio rangi yake," akasema. Pia amekata vijiti vya ile yenyewe akavipanda kwa mikebe, ngoja tuone kama vitashika.

Kwenu kuna maua gani? Toka nje uyacheki leo, ubebe biro.