Saa za kusubiri uwanja wa ndege analipa nani?

Nauli ya teksi kutoka uwanja wa ndege ina wagawanaji wengi. Kampuni ya teksi mtandao inakata kamisheni, uwanja unatoza ada, kituo cha mafuta kinachukua chake, na mwenye gari anasubiri hesabu ya siku. Dereva anabaki na kinachosalia. Hao wengine wote wana mkataba au bei iliyopangwa inayolinda fungu lao, dereva hana. Ndiyo maana malalamiko ya madereva wa viwanjani yanafanana, iwe Nairobi, Dar es Salaam, London au Los Angeles.

Mzizi wa jambo uko kwenye mapato ya viwanja. Uwanja wa ndege hauishi kwa ada za kutua ndege peke yake. Unategemea pia kodi za maduka, matangazo na maegesho. Teksi mtandao zilipoenea, abiria wengi waliacha kuegesha magari yao uwanjani au kukodi gari, na wasimamizi wakatafuta pa kufidia. Mwaka 2015 Los Angeles ilizifungulia milango kampuni hizo kwa sharti la dola 4 kila gari linapochukua au kushusha abiria. Heathrow, London, ilianza Novemba 2021 kutoza pauni 5 kwa gari linaloshusha abiria mbele ya jengo, teksi zikiwamo, na Januari 2025 ikapandisha hadi pauni 6. Ada hizo huongezwa kwenye nauli, lakini abiria akiona nauli imezidi akaenda kupanda treni, anayekosa kazi ni dereva.

Afrika Mashariki mvutano ulianza kati ya madereva wenyewe. Kampuni ya teksi mtandao ya Uber iliingia Nairobi Januari 2015 na Dar es Salaam mwaka 2016. Dereva wa kijiwe, aliyelipia leseni na sehemu ya kuegesha, alimwona mwenzake wa mtandao akiitwa na abiria bila kupanga foleni ya kijiwe. Mapema mwaka 2016 baadhi ya magari ya mtandao yalishambuliwa jijini Nairobi. Mwaka huohuo Uber ikashusha nauli, na madereva wa mtandao nao wakagoma. Pande hizo mbili zilikuwa na dai moja: bei ilikuwa ikipangwa na watu wasionunua mafuta.

Serikali ziliingilia kati kwa kubana kamisheni. Kanuni za Kenya za mwaka 2022 ziliweka ukomo wa asilimia 18. Oktoba 2023, mwezi ambao petroli ilifika shilingi 217.36 kwa lita Nairobi, Mamlaka ya Usalama Barabarani, NTSA, ilikataa kuhuisha leseni ya Bolt, kampuni nyingine ya teksi mtandao, hadi ishughulikie malalamiko ya madereva, yakiwamo ya makato ya ziada juu ya kamisheni. Tanzania nako, mwaka 2022 Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliweka ukomo wa asilimia 15. Uber ikasitisha huduma mwezi Aprili, na Bolt ikapunguza zake baadaye mwaka huo. Mwanzoni mwa 2023 ukomo ulipandishwa hadi asilimia 25, na kampuni zikarudi.

Vita vya kamisheni vina haki yake, lakini vinaacha nje hasara kubwa zaidi ya dereva wa uwanja wa ndege, yaani saa anazokaa maegeshoni bila abiria. Tuchukue mfano wa safari ya shilingi 30,000 za Tanzania. Dereva amesubiri saa nne, kisha akaendesha saa moja. Kamisheni ikiwa asilimia 25, anabaki na 22,500, sawa na 4,500 kwa saa kabla ya mafuta na hesabu. Kamisheni ikishushwa hadi asilimia 15, anapata 5,100 kwa saa. Lakini kamisheni ikibaki asilimia 25 na kusubiri kukapungua hadi saa mbili, anapata 7,500 kwa saa. Foleni inamla dereva kuliko asilimia.

Mahakama na wasimamizi wa miji mingine wameliona hilo. Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba dereva wa Uber yuko kazini tangu anapowasha programu akiwa tayari kupokea safari ndani ya eneo lake. Mwezi uliofuata kampuni ikatangaza kulipa kima cha chini tangu dereva anapokubali safari, na muda wa kusubiri ukabaki mzigo wake. New York ilipitia njia nyingine: kanuni yake ya malipo ya mwaka 2018 inazingatia sehemu ya muda ambao gari linakuwa na abiria, hivyo magari yakizagaa bila kazi malipo ya kila safari hupanda. Kanuni hiyo nayo ilikuwa na kasoro, kwani kampuni zilianza kuwafungia madereva programu saa zenye abiria wachache. Hata hivyo, ilithibitisha kwamba muda wa kusubiri unaweza kupimwa na kulipiwa.

Kwetu kazi hiyo inaweza kuanzia kwenye mikataba ya viwanja. Uwanja unajua ratiba ya ndege zinazotua kesho, saa kwa saa. Kampuni inajua magari mangapi yamo kwenye foleni. Dereva pekee ndiye anayewekeza mafuta na usingizi wake bila kujua lolote kati ya hayo. Mkataba wa huduma ya teksi ulazimishe uwanja na kampuni kumwonyesha dereva takwimu hizo kabla hajatoka nyumbani. Uwanja usiuze vibali vingi kuliko abiria waliopo kwa ajili ya kukusanya ada tu. Abiria akichelewa kutoka, dakika zilipwe. Stakabadhi ianike kila makato, na dereva aliyefungiwa asikilizwe na mtu, ndani ya muda maalumu.

LATRA na NTSA tayari zimeonyesha kwamba zinaweza kuweka ukomo na kuzuia leseni. Mamlaka za viwanja ndizo zinazotoa nafasi za huduma. Vyama vya madereva, wa kijiwe na wa mtandao pamoja, viitwe wakati masharti ya zabuni yanaandikwa, maana mkataba ukishasainiwa, kilichobaki kwa dereva ni kugoma, na siku ya mgomo hakuna anayemlipa.