Maji Yalindayo Makali Hulinda na Kifua

Ndugu wafanyakazi,

Kila siku tunashika panga na visu, shambani na kiwandani, lakini ni wachache kati yetu wanaomkumbuka aliyevisugua. Leo tuwazungumzie wahunzi wa Gitega na Muyinga, ambao kwa Kirundi huitwa abacuzi.

Kisu cha mkono huanza na chuma chakavu, mara nyingi springi ya gari. Mhunzi hukipasha moto na kukifua kwa nyundo. Hukisawazisha kwa tupa kingali laini, halafu hukipasha tena na kukichovya ili kipate ugumu. Baadaye huja jiwe la kunolea, na mwisho msasa, mpaka king'ae.

Mhunzi stadi hutia maji kwenye jiwe. Anajua kwamba kisu kikisuguliwa kavu kwa kasi hupata moto, makali hugeuka rangi ya buluu na ugumu huondoka.

Lakini maji yana kazi ya pili: hulaza vumbi. Jiwe la mchanga hutoa vumbi jembamba mno. Likishaingia ndani ya mapafu, hukaa humo na kuyaharibu. Huko Sheffield, Uingereza, katika karne ya 19, wanoaji wengi walikufa wangali vijana kwa vumbi hilo, na waliosugua kavu ndio waliotangulia.

Sisi tumeona karakana ambako mwenye mali hulipa kwa idadi ya visu. Kuchota maji kunakula wakati, basi kijana anasugua kavu ili hesabu itimie. Tajiri anahesabu visu, kikohozi hakihesabu.

Ndugu, tudai haya: maji kwenye kila jiwe, na muda wa kuyachota ulipwe, miwani ya kukinga macho, banda lipitishe hewa, tope la jiwe lizolewe kabla halijakauka likawa vumbi tena. Kitambaa mdomoni peke yake hakitoshi.

Hatuombi sadaka. Mwezi Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani liliweka usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi, na Burundi ni mwanachama wa Shirika hilo.

Nawe unayefanya kazi kwenye vumbi la kahawa, la saruji au la mbao, jambo hili ni lako pia. Mhunzi mmoja akidai maji atafukuzwa. Tukidai sote, maji yatakuja.

Umoja ni nguvu!