Kazi ni Sehemu ya Tiba

Mgonjwa wa akili anapolazwa, jamaa zake aghalabu huuliza amepewa dawa gani. Ni nadra kuuliza siku yake inapitaje. Dawa hutuliza fadhaa, na hatuipuuzi. Lakini haimrejeshei mtu mazoea ya kuamka kwa wakati, kupika na kuketi na wenziwe. Hayo ndiyo makusudio ya tiba kwa kazi.

Ilmu hii si ngeni. Mwaka 1796 William Tuke alifungua makao ya wagonjwa mjini York, Uingereza, ambako minyororo ilikataliwa, na kazi pamoja na heshima vikawa sehemu ya matibabu.

Kwa wanaolazwa Kidongo Chekundu, hapa Unguja, kusuka ukili, kushona kofia na kulima bustani si mambo mageni. Anayesuka ukili hulazimika kuhesabu, kukumbuka na kusubiri. Na mkeka ukimalizika, huuona kwa macho yake mwenyewe.

Hata hivyo, tuwe na hadhari. Kumfagilisha mgonjwa wodi kwa kuwa mfagiaji hayupo si tiba. Kazi ya tiba huchaguliwa pamoja na mgonjwa, husimamiwa na mtaalamu, na hupimwa kwa nafuu yake, si kwa faida ya hospitali.

Kwa hiyo tunawasihi wakuu wanaopanga bajeti wasiuhesabu uzi, jembe na mshahara wa mtaalamu kuwa anasa. Nasi wananchi, mgonjwa akirudi nyumbani, tusimfungie chumbani. Tumpe nafasi yake shambani, jikoni na barazani.